Risala ya Wachezaji wa Bonde la Harmon: Ezra Tolliver Alale Wapi

Mgeni rasmi, Bwana Leland Hostetler, Mwenyekiti wa Kamati ya Ustahiki wa Wachezaji wa kanda yetu, Mama Joyce Wentz, Katibu wa Tawi, makocha wetu, walimu mliotuvumilia, wazazi mliotufulia jezi zenye tope, majirani wa pande zote mbili za mto: tunawasalimu kwa heshima.

Jina langu ni Colby Rusnak wa Shule ya Sekondari ya Fallon ya Chini, jezi namba sitini na sita. Ninasoma kwa niaba ya wenzangu wa shule tano za bonde hili, ambao leo Tawi, tawi la chama cha kuwaenzi wanafunzi wachezaji, linatuheshimu kwa kucheza mpira wa kofia ngumu, ule wa Kimarekani, na kufaulu darasani. Kabla sijaenda mbali, tunamwomba radhi Mama Wentz. Risala aliyoipitia na kuisahihisha ilikuwa fupi na tamu. Hii siyo ile. Tuliiandika upya jana, na yeye hana habari nayo. Wa kulaumiwa ni sisi.

KARIBU FALLON

Mgeni rasmi, karibu kwenye ukumbi wa zimamoto. Kuku na tambi za kabichi ulizokula zimepikwa na mama zetu, na ile meza ya biskuti kule nyuma hakuna anayeruhusiwa kuondoka bila kuipitia. Wapo waliosema hutakuja, kwa sababu wewe ndiye uliyetia saini uamuzi wa mwezi wa Novemba. Umekuja, na umekaa mahali ambapo sote tunakuona. Tunakushukuru kwa hilo, na tunasema hivyo bila kejeli.

TULIKOTOKA

Tawi hili lilianzishwa na wachimbaji wa makaa waliochoka kuambiwa kwamba mtoto mwenye mabega mapana hana kichwa. Wao ndio walioweka desturi yetu: kijana anayeheshimiwa hatambulishwi na kocha wake, anatambulishwa na mpinzani aliyegongana naye uwanjani. Walisema kocha atakusifu kwa kuwa wewe ni wake, na mama atakusifu kupita kiasi, lakini yule uliyemwangusha hana sababu ya kukusingizia mema.

Kwa desturi hiyo, mimi nilipangiwa kumtambulisha Ezra Tolliver wa Fallon ya Juu.

TULIYOYAVUNA

Mwaka huu hakuna hata mmoja wetu aliyeshindwa somo. Wyatt Gorman wa Fallon ya Juu amekubaliwa kusomea uuguzi, na babu yake ameacha kumtania. Shule ya Pine Run imepata ubingwa wa wilaya kwa mara ya kwanza tangu baba zao wakiwa na nywele.

Na Ezra. Nimegongana na Ezra misimu mitatu. Mwaka wa kwanza alinivunja kidole, akaniomba msamaha kabla refa hajapuliza filimbi. Katika kemia hakuna wa kumfikia bonde zima, na hesabu ninazozijua leo amenifundisha yeye. Chuo kikuu cha jimbo kimempa nafasi ya uhandisi, na fedha zinazoambatana na heshima ya Tawi ndizo zingemsaidia kuuanza mwaka wa kwanza. Lakini kwenye karatasi mlizonazo mezani, mgeni rasmi, tupo kumi na mmoja. Jina lake limefutwa.

CHANGAMOTO

Risala nyingi huwa na changamoto nyingi. Yetu ni moja.

Mwezi wa Agosti nyumba ya akina Tolliver iliungua kwa hitilafu ya umeme. Mama yake, Bi. Renee, alihamia kwenye trela ya dada yake, yenye kochi moja. Yeye na mama yangu, Paula Rusnak, wanafanya kazi pamoja kwenye kitengo cha kufulia cha hospitali. Mazungumzo yao mama amenisimulia mara nyingi, maana anajivunia jibu lake.

"Renee, kijana wako analala wapi?"

"Sakafuni. Kichwa sebuleni, miguu jikoni."

"Mlete kwangu."

"Wewe uko ng'ambo ya mto, Paula. Mwanao anacheza dhidi yake."

"Kwani nimesema nampa jezi? Nimesema nampa kitanda."

Kumbe ng'ambo ya mto ni eneo la shule yangu. Kanuni inasema mchezaji alale katika eneo la shule yake. Akilala kwingine, akalishwa na familia isiyo yake, inahesabiwa kwamba amehama, tena kwa kuhongwa. Hakuna aliyeiwaza kanuni hiyo. Bondeni kwetu nyumba ya jirani ikiungua, watu huuliza mablanketi mangapi yanahitajika.

Mgeni rasmi, kama kuna hongo pale, ilikuwa ya ajabu. Mwezi wa Oktoba Ezra na wenzake walitufunga, kisha akarudi nyumbani kwetu kula. Mama akatangaza, "Leo mezani hakuna mpira. Mwenye hamu ya kuuzungumzia akazungumze na mbwa." Tukala. Ezra akasema, "Colby, nisogezee chumvi." Nikamwambia, "Chukua mwenyewe, si umeshachukua kila kitu." Mama alicheka mpaka akainuka mezani.

Kilichomponza ni viatu. Kwetu njumu zenye tope haziingii ndani, zinalala barazani. Njumu za Ezra ni kama mitumbwi; bonde zima hakuna miguu mingine ya namna hiyo. Shabiki mmoja wa shule yangu alipita na mbwa wake, akaziona, akazitambua. Habari ikamfikia kocha wangu.

Kocha Mihalik, uko meza ya pili. Ninakuheshimu. Wewe ndiye uliyenifundisha kusimama imara mbele ya mtu aliyenizidi, na leo ninalitumia somo hilo. Uliiandikia Kamati kwamba Ezra analala kwa Rusnak na anakula kwa Rusnak. Ni kweli. Hukuandika kwamba kwao kumeungua. Tulipokuja kukuuliza ulitujibu, "Kanuni ni kanuni, vijana. Nikimpindishia mmoja, kesho kila mtu atakuja na moto wake." Kocha, moto ule uliuona. Uliegesha gari lako kando ya barabara ukasaidia kuvuta mpira wa maji.

Kamati ilimwita Bi. Renee ajieleze. Barua ya wito ilitumwa kwenye anwani ya nyumba iliyoungua. Hakutokea mtu, shauri likasikilizwa upande mmoja. Fallon ya Juu wakanyang'anywa ushindi wao wote, na jina la Ezra likafutwa kwenye orodha ya Tawi.

Siku ile ile alifungasha akatoka kwetu. Aliwaambia mama yake na mama yangu kwamba amepata nafasi kwa rafiki, upande wa Fallon ya Juu, ndani ya mpaka. Wote tulimwamini. Jana alfajiri, Wyatt alipokwenda mazoezini, aliliona gari la zamani la Bi. Renee, aliloachiwa Ezra, nyuma ya ukumbi wa michezo wa Fallon ya Juu, vioo vimejaa ukungu. Akagonga. Ezra amekuwa akilala humo. Majira ya baridi yote, mgeni rasmi. Anaoga shuleni kabla wengine hawajafika, kisha anaingia darasani na kupata alama zinazotushinda sote.

Ezra, kaa chini. Tunajua ulituapisha tusikutaje. Utanipiga baadaye.

Jana hiyo hiyo tuliwaambia mama zetu wawili. Mama yangu alichukua funguo akaenda pale gari lilipo, nami nilikuwa naye.

"Ezra, mwanangu, twende nyumbani."

"Siwezi, Mama Rusnak."

"Huwezi nini? Miguu si unayo?"

"Wakiniona kwako tena watafuta na mbio za wenzangu. Tuna kupokezana vijiti mwezi ujao. Nimeshawapotezea msimu mmoja, sitawapotezea wa pili."

Mama alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka. Alirudi bila yeye. Kwa hiyo na usiku wa jana kijana huyu alilala garini, ili aitii kanuni yenu. Sisi tuna hasira, na tuna aibu, kwa sababu tulipita karibu na gari lile kila tulipokwenda mashindanoni pale na hatukuangalia ndani.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba mambo matatu.

Tunaomba shauri lifunguliwe upya, na safari hii wito upelekwe mkononi mwa Bi. Renee Tolliver. Hata sasa yuko meza ya tisa, karibu na mama yangu.

Tunaomba jina la Ezra lirudishwe kabla chuo hakijafunga milango ya usajili mwezi ujao. Tumekubaliana, shule zote tano, kwamba hatutapanda kupokea ngao zetu mpaka tujue lake limefikia wapi. Tafadhali usituone wakaidi. Hatuoni tutazitundika ukuta gani bila kuona haya.

Hayo mawili tunaelewa yana vikao vyake, na vikao vina wajumbe wake. Tutasubiri. La tatu haliwezi kusubiri, kwa sababu chakula kinaisha na watu wanakaribia kuwasha magari. Tunaomba usimame, hapa, mbele ya makocha wa bonde zima, utamke kwamba Ezra akilala kwetu leo hakuna mchezaji yeyote atakayeadhibiwa. Wewe peke yako ndiye unayeweza kulisema akakuamini. Mama yangu alimsihi ikashindikana. Kitanda kimetandikwa tangu jana.

Mungu akulinde barabarani, mgeni rasmi, na akufikishe salama nyumbani kwako, kitandani kwako. Tawi letu lidumu, na mto wetu uendelee kuwa mto tu.

Ni sisi,
Wanafunzi Wachezaji Kumi na Wawili wa Bonde la Harmon.