Siku Profesa Vannucchi Alipoifuta Nadharia Yake

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo. Mkuu wa Idara ya Hisabati. Maprofesa mliotoka Roma na Trieste. Bibi Nives, dada wa mgeni wetu wa heshima. Wanafunzi wa jana na wa leo. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: habari za asubuhi.

Naitwa Norberto Galgani, mwalimu wa idara hii. Nimepewa heshima ya kumuaga Profesa Ersilia Vannucchi, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na minne. Pale mlangoni ameninong'oneza, "Norberto, sema ukweli, halafu ukae. Watu wana njaa." Nitajitahidi kutii yote mawili.

Wengi wenu mmemjua kama jirani, kama rafiki, kama yule mama anayebishana na muuza mkate wa dengu kuhusu pilipili manga. Lakini kazi yake ni nini hasa? Chukueni sahani ya duara. Igaweni kwa mistari mitatu inayokutana katikati, kama keki ya watu watatu. Kila kipande kina thamani yake, tuseme kimo chake, na ukivuka mstari, thamani inaruka ghafla. Grafu ya kitu kama hicho imechanika. Utapimaje eneo la kilichochanika? Unaikaribia kwa grafu laini, zisizo na mpasuko, moja baada ya nyingine, huku ukiuliza: katika njia zote za kuikaribia, ipi inatumia eneo dogo kabisa? Kila mstari unadai ukuta wa kuunganisha pande zake mbili. Na pale katikati, kuta tatu zinapokutana, linabaki tundu la pembetatu. Je, kuliziba tundu hilo kunahitaji eneo kiasi gani?

Miaka ishirini na moja iliyopita, Profesa Vannucchi alikuwa amekwisha kulijibu swali hilo. Kiraka ni pembetatu nzima, alisema, wala hakuna kidogo zaidi. Makala yake ilichapishwa, ikasifiwa, ikafundishwa. Kwa makala hiyo aliitwa kwenye usaili wa kiti cha uprofesa kamili, na sote tulijua kiti ni chake.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wake wa udaktari. Nilikuwa nakokotoa mfano mdogo tu, wa kupamba sura ya pili ya tasnifu yangu, nikapata namba iliyo chini ya ile ya nadharia yake. Nikadhani nimekosea. Nilirudia kwa siku tisa. Namba haikupanda.

Jumanne asubuhi nikabisha hodi.

"Profesa, nina tatizo."

"La moyo au la hesabu?"

"La hesabu."

"Afadhali. La moyo ningekupeleka kwa Nives."

Nikamwonyesha. Kuta zile tatu, badala ya kusimama wima na kuacha tundu, zilikuwa zinainama, zinaegemeana, na tundu linajifunga lenyewe bila kiraka. Ila kuegemea huko kulianza mbali, huko ukingoni mwa sahani. Kwa hiyo huwezi kupima katikati bila kuuliza ukingo uko wapi, na nadharia yake ilikuwa imepima katikati peke yake.

"Umehakiki mara ngapi?"

"Sita."

"Ya saba niachie mimi."

Alisimama ubaoni hadi adhuhuri. Mimi nilikaa, mikono katikati ya magoti. Hatimaye akaweka chaki chini, akaketi kwenye kiti cha wageni, maana mimi nilikuwa nimekalia chake bila kujua.

"Mwanangu, umenivunja mguu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na ni pazuri ulipopiga."

Ndugu zangu, sasa nakiri mbele yenu jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Nilimwambia, "Profesa, usaili ni baada ya siku kumi. Hakuna anayejua. Tungoje."

Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Nikiingia mle wakanisifia kitu ninachojua si kweli, nitatazama wapi?"

Alasiri ile ile alimwandikia mhariri wa jarida kuifuta nadharia yake, na nakala akaipeleka kwa jopo la usaili. Mwenzake mmoja alimkamata koridoni: "Ersilia, kwani nani angejua?"

"Mimi. Na Norberto. Tayari tu wengi."

Kiti alipewa mwingine.

Nami nikakimbia. Nilirudi Lucca kwa baba yangu, fundi wa vigae, nikawa namchanganyia saruji na kusema hisabati imenishinda. Wiki ya pili, mwanamke mwenye koti la mvua akasimama mlangoni. Baba akamkagua juu hadi chini.

"Wewe ndiye mwalimu wake? Amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Amenisahihisha."

"Sasa mbona anajificha yeye?"

"Ndilo nililokuja kuuliza, mzee."

Tulikula wote, maharage na mkate. Wakati wa kuvaa koti lake akaniambia, "Tunajua jibu langu si sahihi. Lililo sahihi hatulijui. Kesho saa tatu, na usichelewe."

Ilituchukua miaka sita. Kuonyesha kwamba kuta zinaweza kuegemea ni jambo moja. Kuthibitisha kwamba hakuna njia nyingine duniani yenye eneo dogo kuliko hiyo ni jambo lingine kabisa. Mara mbili tulidhani tumefika, na mara zote mbili yeye ndiye aliyekuta kosa, akalitangaza kwa furaha kana kwamba ameokota kitu barabarani. Tulipothibitisha, tena kwa pembetatu yenye pande sawa tu, aliandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba kosa la makala ya awali lilikuwa lake na aliyeligundua ni mimi. Nilimsihi alifute hilo. Alikataa. Uprofesa kamili ulimjia mwaka uliofuata, akiwa na miaka hamsini na tano. Pembetatu nyingine bado hatujaziweza.

Mabibi na mabwana, watu husema alinifundisha kupima maeneo. Ni kweli. Lakini mwezi uliopita mwanafunzi wangu, Debora, ambaye yumo humu ukumbini, alisimama katikati ya somo akasema, "Mwalimu, mstari wa nne si sahihi." Wanafunzi arobaini wakanitazama. Jibu kali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza, nikamkabidhi chaki, nikaketi mstari wa mbele. "Nionyeshe," nikamwambia.

Tulihangaika naye siku nzima. Mwishowe, Debora ndiye aliyekuwa amekosea.

Wiki iliyofuata akanyoosha mkono tena.

Profesa Vannucchi, kwa mkono ule ulionyooshwa tena, asante. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza. Chakula kiko tayari, na mimi nakaa chini.