Mjomba Gia na Pikapu Iliyorudishwa Kiwandani

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuwa dereva wa shule yetu, Mjomba Gia anastaafu rasmi Ijumaa hii, siku ya kufunga muhula. Wengi wenu mlioshika programu hii amewahi kuwabeba. Kama si ninyi, basi godoro lenu, au mzazi wenu aliyekosa usafiri siku ya kikao. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa madai kwamba naandika vizuri kwa lugha zote mbili tunazofundishiwa. Nadhani ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeshindwa kusema hapana. Nimeichagua lugha hii kwa sababu ile nyingine Mjomba huitumia kwa askari wa barabarani tu.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba, hajaoa, mwenye leseni mpya na viatu vya kuazima. Pikapu aliikuta. Ilikuwa imeshapita mikononi mwa madereva watatu, na wa mwisho alimkabidhi ufunguo kwa onyo moja: asijaribu kuiwasha akiwa na hasira. Mjomba alilishika onyo hilo kwa moyo wote. Mpaka leo hakuna aliyewahi kumwona amekasirika asubuhi.

Kwa miaka yote hiyo, kitu kikiharibika kwenye pikapu hakikutengenezwa, kilitafutiwa mbadala. Honi ilipokufa, Mjomba alichomoa nyaya mbili chini ya usukani akawa anazigusanisha. Geji ya mafuta ilipolala, akapata fimbo ya kuchovya kwenye tangi. Choki, ile ya kuvuta injini ikiwa baridi, ilishikiliwa na kibanio cha nguo. Wipa ilifungwa uzi uliopitia dirishani. Abiria wa mbele aliuvuta, na kipande cha mpira wa baiskeli kikairudisha. Usukani ulitaka ushikwe kama unakata kona ya kushoto ndipo gari liende moja kwa moja. Breki zilikanyagwa mara tatu: ya kwanza kuziamsha, ya pili kuzikumbusha, ya tatu kusimama. Na gia namba mbili, kwa kuwa ilikuwa inaruka, aliishikilia kwa goti. Jina lake lilitoka hapo.

Wezi waliwahi kuijaribu. Asubuhi ilikutwa imesukumwa mpaka karibu na geti, boneti wazi, na wao wamekimbia wakasahau spana nzuri sana ambayo Mjomba anaitumia hadi leo. Inasemekana alitembea wiki nzima kifua mbele. "Pikapu yangu," alimwambia kila aliyesimama kumsikiliza na wengine wasiosimama, "haimsikilizi mgeni."

Mwaka mwingine gari la mgeni rasmi lilikwama kwenye tope, Mjomba akatumwa kumchukua. Mvua ilikuwa haijui kupumzika. Mgeni alipanda na suti yake, na Mjomba akamwambia kwa heshima zote, "Mheshimiwa, samahani, naomba unisaidie kuvuta huo uzi. Taratibu tu, usivute kama unavuta ng'ombe." Mheshimiwa alifika shuleni mkono mmoja umelowa hadi begani na hotuba yake imegeuka uji mfukoni. Ikabidi azungumze bila karatasi, kuhusu ushirikiano, kwa dakika nne. Mwalimu Mkuu anasema haijawahi kutolewa hotuba bora kuliko ile shuleni hapa, na kwamba siku hizi akialika mgeni huwa anaangalia kwanza kama kuna mawingu.

Nami niseme langu. Mimi si msemaji, na watu wasiosema huulizwa sana mbona hawasemi. Ndani ya pikapu ile sikuwahi kuulizwa. Kelele ilitutosha wote.

Mtu mmoja tu hakuipenda. Mama Cherehani, mkewe Mjomba, ndiye anayeshona sare zetu, na ana leseni ya udereva aliyoipata kabla hawajaoana. Kila alipojaribu kuiwasha pikapu, ilikohoa ikanyamaza. "Nipishe, hii ina mwenyewe," Mjomba alikuwa akimwambia, na Mama Cherehani akahamia upande wa uzi. Amekuwa upande wa uzi tangu arusi yao.

Muhula huu bodi ya shule iliamua kwamba dereva akistaafu, pikapu nayo iondoke, iuzwe kama chuma chakavu. Mjomba alipopata habari hizo alikuwa anashusha magunia ya mchele. Aliliweka gunia chini, akajifuta mikono, akaingia kwenye chumba cha mkutano bila kubisha hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alisema hataki saa ya ukutani wala blanketi, zawadi wanazopewa wastaafu wote. Anataka pikapu. Bodi ilikubali, ila kwa sharti: isitoke getini ikiwa mzigo wa hatari. Ipite ukaguzi wa magari kabla ya siku yake ya mwisho. Isipopita, mnunuzi wa vyuma anakuja Jumamosi na shoka lake.

Ndipo akaitwa Fundi Kiwandani, mwenye gereji ng'ambo ya barabara. Huyu kapewa jina hilo kwa sababu sentensi zake zote huishia pale pale: kiwandani hawakufanya hivi. Magari ya kisasa anayatengeneza kwa ajili ya ugali wake, lakini ya zamani anayatengeneza kwa ajili ya roho yake. Alikuwa ameitamani pikapu yetu miaka mingi, akiiangalia ikipita huku akitikisa kichwa kama daktari aliyenyimwa mgonjwa. Alikubali kazi kwa sharti lake naye: kila kitu kirudi kama siku ilipotoka kiwandani, la sivyo haigusi.

Akaianza. Chini ya tabaka sita za rangi, moja ikiwa ile iliyobaki tulipopaka vyoo, akakuta rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda, akashangilia mpaka wateja wake wakatoka nje kuona kuna nini. Alitafuta nati za umbo lile lile la zamani. Vifuniko vya magurudumu alivipata kwa mjane mmoja aliyekuwa akivitumia kulishia kuku. Sehemu ya chini ya bodi ya gari alikataa kuilainisha kwa msasa, eti kiwandani waliiacha na mikwaruzo, kwa hiyo mikwaruzo ni haki yake. Mama Cherehani alipewa kiti akishone upya, na mara mbili akaambiwa afumue mishono kwa kuwa ilikuwa mizuri kupita ya kiwandani.

Mjomba alikuwa anavuka barabara kila alipopata nafasi, anasimama mlangoni mwa gereji mikono nyuma.

"Uzi wangu uko wapi?"

"Nimetupa."

"Umetupa! Ule uzi una kazi, Fundi."

"Kazi gani? Kiwandani hawakuweka uzi."

"Kwani kiwandani mvua hainyeshi?"

Fundi alibonyeza swichi, wipa zote mbili zikaenda zikarudi zenyewe. Mjomba aliziangalia kama mtu anayemwona mwanawe akifuata mlo kwa jirani.

Jumatano wiki hii pikapu ikawa tayari. Wakubwa kwa wadogo tulikusanyika uwanjani, na kusema kweli ilikuwa inang'aa hadi unaona aibu kuisogelea na viatu vichafu. Mjomba akapanda. Aliuinua mlango kwa mikono miwili ili ufungike, kama kawaida yake, nao ukajibamiza kwa kishindo. Akazungusha ufunguo, akaipiga dashibodi kofi la kuiamsha, wakati injini ilikuwa imeshawaka na yeye hakuisikia. Alipoanza kwenda, alishika usukani kwa mtindo ule wa kushoto, na pikapu, ambayo sasa inatii, ikaenda kushoto. Ikaingia kwenye maua ya Mwalimu Mkuu. Mjomba akakanyaga breki ya kuziamsha. Zilikuwa macho. Fundi, aliyepanda nyuma kulinda rangi, akaja mbele mzimamzima na kulala juu ya paa kama nguo iliyoanikwa. Mjomba akatafuta nyaya za honi kuonya watu, kiwiko kikaangukia honi yenyewe ikalia mfululizo, naye akawa anageuka huku na huku akiuliza, "Nani anapiga honi? Nani huyo?"

Tulicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikauona uso wa Mjomba, nikaacha.

Fundi alishuka kutoka juu ya paa akapangusa mahali alipolalia. "Bwana," alisema, "gari ni zima. Mbovu ni wewe."

Mjomba alijaribu tena mara mbili, na mara mbili goti lake likaenda kushikilia gia isiyohitaji kushikiliwa, likaitoa. Pikapu ikazima katikati ya uwanja. Akatoa ufunguo akauweka juu ya boneti. "Waacheni wa vyuma waichukue," akasema. "Hii si yangu. Yangu ilikuwa inanisikiliza mimi tu. Hii inamsikiliza kila mtu."

Nikiri kwamba hapo nilitaka kumwambia kitu, nikakitafuta kwa lugha zote mbili, nikakosa. Ukaguzi ulikuwa kesho yake asubuhi. Mwalimu Mkuu alianza kusema jambo, Fundi akaanza kuapa kwamba magari hayachagui dereva. Mama Cherehani, aliyekuwa amesimama na sindano bado mdomoni, aliitoa, akaichomeka kwenye kola, akaenda kuchukua ufunguo.

Aliketi. Akavuta kiti mbele. Akawasha. Hakuipiga kofi, hakuisemesha. Akazunguka uwanja mzima, akapita kati ya nguzo za goli, akarudi kinyumenyume na kuegesha pale pale ilipotoka, tairi juu ya alama zake zenyewe.

"Mume wangu," akasema kupitia dirishani, "mbona rahisi hivi? Miaka yote hiyo ulikuwa unatwambia ni ngumu."

Sitaandika makelele yaliyofuata. Nitaandika tu kwamba Mjomba alikunja midomo akijitahidi kununa, kisha mabega yakaanza kutikisika, na mwishowe akacheka kuliko sisi wote, ameshikilia mlango asianguke. Alipomaliza alisema, "Basi nipeleke wewe." Akazunguka, akapanda upande wa abiria. Mkono wake ukapanda wenyewe dirishani kutafuta uzi, haukuupata, akauweka mapajani.

Jana Alhamisi tulikwenda kwenye ukaguzi, mimi nikiwa katikati kwa ajili ya kuandika habari hii na Fundi nyuma kwa ajili ya rangi. Mkaguzi alikagua taa, breki, honi. Kila kitu sawa. Alipofungua boneti alikuta alama ya chaki juu ya bati, akanyanyua kitambaa aifute, Fundi akaruka.

"Usifute! Hiyo ni ya kiwandani!"

"Nani kaichora?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumanne."

Mkaguzi alimwangalia Fundi, akaniangalia mimi, mimi nikaangalia viatu. Alama ikaachwa. Mama Cherehani akaizungusha pikapu kwenye vizuizi vyote bila kugusa hata kimoja, cheti kikaandikwa, na kwa hiyo natangaza rasmi katika programu hii kwamba mnunuzi wa vyuma asijisumbue Jumamosi. Pikapu ni mali ya Mjomba Gia. Mkewe ataiendesha kutoka getini, na masomo ya Mjomba ya udereva yataanza wiki ijayo kwa ratiba atakayopangiwa na mwalimu wake wa nyumbani.

Tulipokuwa tunarudi, injini ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia saa ya Mjomba mkononi. Alikuwa amegeukia nje. Miaka thelathini na mitatu amepita njia ile akisikiliza breki, gia, mlio wa chini, akinusa petroli, na jana hakukuwa na cha kusikiliza.

"Ile nyumba ya ghorofa," akauliza, "imejengwa lini?"

"Ina miaka kumi na miwili," Mama Cherehani akamjibu. "Si pale anapokaa dada yangu? Tulikuja hapo kwenye arusi ya binti yake."

"Nilikuja?"

"Wewe ndiye uliyetuleta!"

Mjomba akauliza kuhusu kinyozi wa pembeni, na duka lenye milango ya buluu, na kama ule mtaro siku zote ulikuwa na daraja. Mama Cherehani alimjibu kimoja kimoja, bila kumcheka, au akicheka kwa ndani. Geti la shule lilipotokea, aliwasha taa ya kukata kona. Mjomba akamgusa mkono.

"Pitiliza kidogo," akasema. "Tuone mbele kuna nini."

Akapitiliza. Nyuma Fundi alikuwa anapiga paa kwa viganja, akilalamika kuhusu vijiwe na rangi yake, na sisi watatu mbele tukajifanya hatumsikii.

Mjomba, kwa niaba ya wanafunzi, walimu, wapishi na kila godoro ulilolibeba, asante. Kaa vizuri, fungua dirisha, uliza yote unayotaka kuuliza. Tunakutakia barabara ndefu.