Pua za Ndege wa Baharini

Dada aliyekaa mbele yangu alipakata kopo la rangi, na harufu yake ilikuwa imepanda basi bila nauli na kukaa kila kiti. Alikuwa akimweleza mzee wa kando yake, mpishi mstaafu wa melini, kwamba anakwenda hospitali kumchukua mama yake, fundi cherehani aliyepofuka. "Nyumba nzima nimeipaka rangi. Cherehani nimeipeleka kwa jirani, asije akajikwaa."

Mzee akafikiri kidogo. "Niliwahi kuwapikia watafiti wa ndege wa baharini. Ndege wale huvuka maji matupu na kurudi kwenye kiota kilekile, wakifuata harufu. Waliozibwa pua walitangatanga mpaka walipoiona nchi kavu, ndipo wakaijua njia."

"Mama si ndege, mzee wangu."

"Sijasema ni ndege. Ila yeye nchi kavu hataiona."

Dada akakaza kifuniko cha kopo, ambacho kilikuwa kimekazwa tangu tupande. "Kwa hiyo nimpokee kwenye nyumba chafu?"

"Usafi ni mzuri, mwanangu. Mimi nauliza tu, atajuaje kuwa ni kwake?"

Basi likasimama hospitali. Dada akashuka bila kuaga, nikajua amekasirika. Mara nikamwona dirishani, kopo kifuani. "Mzee wangu, yale mafuta ya cherehani, nikidondosha tone moja pale mlangoni, atayasikia?"

Mzee akafungua kinywa kujibu, na dereva naye akaondoa basi.