Bi Hatsue Alipolipa Joko Mgongo

Baada ya miaka arobaini na sita ya kufinyanga mabakuli ya chai, Bi Hatsue Kuramochi anastaafu tarehe 31 Machi. Kiwanda chetu cha Takahora kitabaki na wafinyanzi tisa, na wanane kati yao hawanifikii mimi. Mimi simfikii yeye hata kwenye kifundo cha mguu.

Aliajiriwa kufagia. Wazee wa hapa Mino wakamwonya kwamba mwanamke akikaribia joko, mungu wa moto huona wivu. Akawajibu wamwambie mungu huyo naye aje ashike ufagio. Miaka sita baadaye, wazee walewale walikuwa wakimpasulia kuni za msonobari.

Bakuli jeusi, kama mjuavyo, huchomolewa motoni kwa koleo likiwa bado jekundu, lipigwe na baridi ya nje ndipo liwe jeusi. Ukiwahi, linatoka rangi ya mchuzi. Ukichelewa, rangi yote inachuruzika. Bi Hatsue huchungulia kwenye tundu la joko, akavuta pumzi tatu, akachomoa. Kipimajoto alicholetewa alikorogea udongo.

Msimu huu meneja, Bwana Sugiura, alitangaza kwamba Bi Hatsue akistaafu tu, joko la kuni litabomolewa tuwekewe la gesi, maana hakuna mwingine anayeusoma moto. Bi Hatsue akadai uchomaji mmoja wa mwisho. Siku hiyo akanikabidhi koleo, akalipa joko mgongo, akaketi kunywa chai.

Mimi nimefika jiji la Osaka mara nne na sikupotea. Hapo nilipotea. Mabakuli saba yakatoka rangi ya mchuzi. Meneja akasema imetosha. Bi Hatsue hakugeuka.

"Sugiura, mwanangu, chai yangu haijaisha na moto haujazimika. Kaa chini. Na wewe Tokuji, acha kuliangalia bakuli, angalia moto."

Nikauangalia. La nane likatoka, likalia ting ting kwenye baridi, likawa jeusi tii. Akaligeuza, akasema kitako chake kibaya. Kisha akachukua nyundo, akayavunja yale saba moja moja, akampa meneja nyundo hiyo na kumuuliza kama bado ana kazi nayo pale jokoni.

Hakuwa na kazi nayo tena.

Asante, Bi Hatsue. Kapumzishe magoti, uishi vyema na kwa furaha. Na Aprili ukisikia harufu ya msonobari huko kwako, ujue hatujabomoa kitu.