Domina na Daraja Mfuto la Pigeon Run

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni Silver Spring, mlioko ghalani Hyattsville na sikio moja mmelitega kwangu, hamjambo. Mimi ni Edna. Leo sina salamu ndefu. Leo tunamkumbuka Domina.

Domina Kokushubira Mutalemwa. Mzaliwa wa Kamachumu, mkoa wa Kagera. Mke wa Boniface. Mama wa Audrey. Mfugaji na muuza nyama ya mbuzi huko shamba, kusini mwa Maryland, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa. Na mgombea wa Bunge la jimbo. Alifariki Jumamosi iliyopita asubuhi, katika mto Pigeon Run, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio. Domina amefariki. Amekufa maji.

Kama umekula mbuzi kwenye harusi ya Mtanzania hapa kwetu miaka hii kumi, basi huenda ulikula mbuzi wa Domina. Yeye alikuwa Mkatoliki. Mchinjaji wake, Sabri Shamte, ni Mwislamu wa Wete, Pemba, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Majirani zake ni Wabaptisti. Domina alipenda kutania: "Mbuzi wangu wanaombewa na dini tatu, na bado wanaishia kwenye sufuria."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo lenyewe liko hapa. Kutoka shambani kwake kuja barabara kuu kuna njia mbili. Njia ndefu inapita juu, mbali na mto, inaongeza karibu saa nzima. Njia fupi inakatisha mto Pigeon Run. Na pale mtoni hakuna daraja la maana. Kuna daraja mfuto, lile la zege lililolazwa chini, halina kingo wala nguzo. Kukiwa kukavu unapita kama unapita uani kwako. Mvua ikinyesha, maji yanapita juu yake.

Gari moja lilisombwa miaka mitano iliyopita. La pili likasombwa mwaka juzi, na dereva wake, mama mmoja mtunza wagonjwa, alikutwa ameng'ang'ania mti. Alipona. Domina akaandika barua serikalini. Akajibiwa kwamba daraja liko kwenye orodha. Akaandika tena. Likawa bado liko kwenye orodha. "Orodha yenyewe ni ndefu kuliko barabara," alimwambia mumewe, na wiki hiyo hiyo akaenda kuchukua fomu ya kugombea.

Kwa hiyo aligombea kwa ajili ya daraja. Watu walimcheka, na nisiwafiche, hata mimi nilimcheka. Nilimuuliza, "Shoga, wale wazungu wa mashambani watampa kura mama wa Kihaya anayenuka beberu?" Akaniambia, "Dada Edna, maji hayaulizi mtu katoka wapi."

Akabisha hodi mlango kwa mlango. Wengine walimkaribisha chai ya barafu. Wengine walizima televisheni wakanyamaza mpaka aondoke. Kuna nyumba moja alisimama barazani akaona pazia linasogea, mkono umelishika, na mlango haukufunguliwa. Aliacha karatasi yake. Kesho yake aliikuta imefungwa kwenye lango la shamba lake kwa waya, bila neno lolote. Boniface alitaka wawapigie polisi simu. Domina akasema mtu amerudisha karatasi tu, hilo si kosa. Lakini Boniface anasema tangu siku ile mkewe alianza kuhesabu mbuzi mara mbili kila jioni.

Mwezi Machi ulifanyika mkutano kwenye ukumbi wa wazimamoto wa kijiji. Walikuja watu kama arobaini. Domina aliongea dakika kumi, akakaa. Akasimama jirani yake, mzee Tobias, muuza majani ya ng'ombe, mtu wa maneno machache. Akasema, "Mimi nimezaliwa hapa. Nawajua hawa wa serikali. Wanasubiri afe mtu, ndipo wajenge."

Domina akajibu pale pale alipokaa: "Basi tusiwape huyo mtu."

Watu wakapiga makofi. Audrey, bintiye, anayesoma chuo kikuu hapa College Park, aliniambia yeye hakupiga. Alisema, "Auntie, I don't know, mwili ulinisisimka tu."

Jumapili iliyofuata mama na binti walishuka mtoni na kopo la rangi. Wakachimbia nguzo kando ya daraja mfuto, wakaipaka rangi nyekundu kuanzia usawa wa goti kwenda chini. Wakaandika juu yake kwa Kiingereza: maji yakigusa nyekundu, geuza gari. Hiyo ndiyo kampeni yake yote, wasikilizaji wapendwa. Kila mlango alirudia maneno hayo. Geuza gari. Usishindane na maji.

Sasa tuje kwenye wiki iliyopita.

Jumanne tulimpoteza mzee wetu Elisante, pale Hyattsville. Mnajua desturi yetu. Kamati ikaundwa, kundi la WhatsApp likafunguliwa, majukumu yakagawanywa. Domina akaandika mwenyewe: mbuzi wanne ni wangu, Jumamosi asubuhi nitaleta. Kamati ikashukuru.

Alhamisi mvua ikaanza. Ijumaa ikaendelea. Ijumaa mchana mtu mmoja, simtaji, akaandika kwenye kundi: "Siku hizi ni mheshimiwa. Tutamuona kweli msibani?" Wengine wakaweka alama za kucheka. Audrey alikuwa nyumbani wikendi ile. Anasema mama yake aliusoma ujumbe mara mbili, akailaza simu kifudifudi mezani, akaenda kumsaidia Sabri kuchinja.

Hapa kuna jambo ambalo mtu asiye wa kwetu hawezi kulielewa. Pale Hyattsville hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye kura ya kumpa Domina. Jimbo lake la uchaguzi liko mbali. Angebaki nyumbani, asingepoteza hata kura moja. Lakini mama yake mzazi alipofariki Kamachumu na yeye akashindwa kusafiri, sisi tulijaa nyumbani kwake siku nne. Tulipika, tuliimba, tuliosha vyombo. Mzee Elisante alikaa pale siku zote nne na mguu wake mbovu. Mtu wa namna hiyo huwezi kukosa msiba wake.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Sabri alipakia nyama kwenye gari. Mvua ilikuwa imepungua ikabaki manyunyu. Sabri alikuwa ameshatembea mpaka mtoni na kurudi.

"Nilimwambia, bibie, leo pita juu," Sabri amenieleza. "Nguzo naiona, nyekundu siioni. Akanijibu, haya Sabri, nitapita juu. Wallahi alisema atapita juu. Akawasha gari. Ndipo simu ikalia."

Wasikilizaji wapendwa, aliyepiga simu ile ni mimi.

Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa jikoni. Wanawake walikuwa wameshabandika masufuria. Wageni walikuwa wameingia kutoka Ohio. Nilimwambia hivi, na nayarudia kama nilivyoyasema: "Domina, uko wapi wewe? Watu wameshaanza kusema. Usinitie aibu." Akasema, "Ninakuja, dada. Nipe saa moja na nusu."

Saa moja na nusu ni njia fupi. Mimi nilijua hivyo. Nimeenda kwake mara ngapi! Nilijua, na nikakata simu, nikaendelea kumenya vitunguu.

Audrey aliona gari likifika kwenye njia panda. Likasimama hapo kidogo. Kisha likashuka upande wa mtoni. Alikimbia na kandambili kwenye matope akiita mama, mama. Alipofika, nguzo ilikuwa imesimama. Gari halikuwepo. Wazimamoto walilipata saa sita mchana, mita mia nne chini, limelala ubavu. Wengine kati yao walimpigia makofi ukumbini mwezi Machi.

Jumanne ya wiki hii wapimaji wa barabara walikuja mtoni. Mzee Tobias aliwakuta wakipigilia vigingi vyao. Alivua kofia, akasimama nao mpaka walipomaliza.

Nilikwenda kumuona Boniface. Nilipiga magoti, nikamwambia niliyoyafanya. Hakunifukuza. Aliniinua. Akasema, "Edna, angekuwa yeye jikoni na wewe njiani, angekupigia vilevile. Ndivyo tulivyo." Halafu akaniuliza, "Nyama ya msiba wake ataleta nani?"

Boniface, Audrey, na ukoo wote wa Kamachumu, poleni. Poleni sana. Mungu ampumzishe Domina mahali pa amani. Na sisi tuliobaki, tujiulize. Tunaitana msibani kwa upendo au kwa hofu ya maneno? Aliyechelewa, tunamuuliza kama yuko salama, au tunamuuliza yuko wapi?

Misa ya kumuaga ni kesho Jumamosi, pale Hyattsville, saa nane mchana, kabla hajasafirishwa nyumbani. Mbuzi watatoka shambani kwake mwenyewe. Sabri ndiye atakayewaleta. Na utabiri, wasikilizaji wapendwa, unasema mvua itaanza usiku huu.

Sabri, kama unanisikia, pita juu. Ndugu yangu, pita juu. Sitakupigia simu. Ukichelewa, tutakungoja.