Loishiye Lesikar, Mwendesha Mashua wa Ziwa Duluti

Marehemu Loishiye Lesikar alizaliwa hapa Elerai tarehe 14 Machi 1911, mtoto wa pili wa Mzee Lesikar. Alisoma shule ya misheni kwa miaka minne, akabatizwa mwaka 1925.

Mwaka 1931 aliajiriwa katika gereji ya Bwana Gurmeet Singh mjini Arusha, akawa fundi wa injini. Mwaka 1936 alifunga ndoa na Ndeshi, binti wa Mzee Ephraimu wa Akheri. Siku hiyo alichelewa kanisani, shati jeupe lina doa la oili. Lori la wageni lilikuwa limeharibika njiani, na fundi pekee alikuwa bwana harusi.

Mwaka 1951 mwenye shamba moja la kahawa alinunua mashua ndogo ya injini, akamchukua marehemu aiendeshe Ziwa Duluti. Marehemu alijaza petroli nchi kavu, kwa faneli, asimwage tone majini. Karibu na matete alipunguza mwendo, ndege wasiachwe na viota vilivyolowa. Akina mama walioteka maji walimwambia, "Shikamoo, baba. Leo maji hayanuki." Hakupakia zaidi ya watu wanne, naye akiwa mmojawapo, kila mtu na boya lake.

Kazi hiyo alimfundisha shemeji yake, Solomoni, mdogo wake mama yetu, Ndeshi.

Jumapili tarehe 7 Agosti 1955 walikuja wageni watano. Marehemu alikataa kuwapakia wote. Tajiri, mwenye mashua, alimfokea, akamwamuru amwachie Solomoni mashua. Marehemu alikuwa na kamba ya kuwashia injini mkononi. Akampa Solomoni.

"Watatu tu, shemeji," alimwambia.

"Wawili nitawashusha, kaka. Usihofu."

Wageni hawakukubali kushuka. Katikati ya ziwa walisimama kutazama ndege, mashua ikapinduka. Marehemu alijitosa, akawavuta wageni hadi ufukoni, wote watano. Maboya yalikuwa manne. Solomoni alikuwa amewapa wageni yote. Alipatikana kesho yake. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Marehemu aliacha kazi wiki ileile. Nyumbani alisema tu kwamba Solomoni alichukua mashua. Hakusema nani alimpa kamba.

Novemba 1956 alianza kuugua mapafu. Alilazwa hospitali mjini, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Huko alimwita mama.

"Ndeshi, kamba nilimpa mimi. Ningekataa, ningefukuzwa tu, na yeye angekuwa hai."

Mama alitoka nje, akakaa huko hadi chai ikapoa. Aliporudi alimgeuza upande, akamfuta jasho.

"Wazazi wangu wanajua?"

"Hawajui. Nikifa, jambo hili lisomwe mbele yao. Nilijaribu mara nyingi, nikashindwa."

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Februari 1957, saa nne asubuhi. Mama alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Ndeshi. Watoto watatu, mimi Namnyaki niliyesoma haya, Yoeli na Kasaine. Na wajukuu wawili. Ameacha pia wakwe zake, Mzee Ephraimu na Bibi, walioketi hapa mbele, ambao wamelisikia jambo hili leo kwa mara ya kwanza. Babu, Bibi, shikamooni. Hatuwaombi jibu leo.

Mungu ampe baba yetu pumziko lenye amani, na sisi tuliobaki atupe nguvu ya kutazamana.