Mlango wa Kushoto

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kutufariji, familia imeniomba niyasome mimi, mumewe, maisha ya marehemu, nami nitajitahidi kuyasema kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tatu na binti pekee wa dereva wa pikapu ya kusambaza mikate na mama mshona nguo. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1983 na sekondari mwaka 1987, kisha akaingia chuo cha ufundi, ambako alikuwa msichana pekee katika darasa la bodi za magari, na alipohitimu mwaka 1990 akaajiriwa kwenye gereji iliyo nyuma ya soko, akadumu hapo mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Huko ndiko nilikomkuta, mimi mwalimu wa shule, nilipopeleka gari lililobonyea ubavuni, nikamuuliza fundi yuko wapi, naye bila kuweka nyundo chini akasema, "Fundi ndiye huyu unayemwangalia, au ulitaka mwenye ndevu?" Tulifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1996, tukajaliwa binti na mvulana, na sasa wajukuu wawili.

Baba mkwe alipofariki mwaka 2015 aliacha ile pikapu uani, imeliwa na kutu hadi nyasi zikachomoza sakafuni, na shemeji zangu wakamsihi, "Dada, hiyo si gari, ni kutu iliyojisimamia tu, waite watu wa vyuma chakavu," akawajibu kwamba hata wao wamechakaa na hajawauza. Hakuwa mtu wa kufunika kutu kwa puti, ile lipu ya kuzibia mabonde, na rangi, alikata bati mpaka alipofikia lililo zima, akachomelea jipya, na kabini akairefusha ili kuwe na kiti cha nyuma cha wajukuu, na nia yake ilikuwa moja, aimalize kwa mikono yake mwenyewe, awazungushe mtaani yeye akiwa kwenye usukani.

Mwaka 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, na dawa zikamtia ganzi ncha za vidole, jambo ambalo kwa fundi wa bodi ni pigo kubwa, maana bonde dogo kwenye bati hulidanganya jicho, na kiganja ndicho kinacholitambua. Akaniomba kiganja changu. Nilifumba macho, nikakipitisha juu ya bati, nikamwambia palipozama na palipoinuka, naye akagonga. Siku ya kwanza nilimwambia pote ni sawa, akacheka mpaka akakohoa, "Mwalimu, umepapasa kama unafuta ubao, pole pole baba, haliumi hilo."

Hivyo ndivyo tulivyomaliza kabini, sanduku la nyuma na mlango wa kulia. Wa kushoto tuliuanza Aprili mwaka huu, kufikia Juni hakuweza tena kuinua nyundo, na tarehe 3 Julai mchana alifariki hospitalini, mimi na binti yetu tukiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, mafundi wenzake wa gereji waliokuwa wakija kumwinulia vilivyo vizito, na majirani mliovumilia makelele yetu kwa miaka yote hiyo, hata wewe jirani wa ukuta mmoja uliyekuwa ukiuliza kama tunajenga meli.

Watoto walitaka tumwite fundi mwingine aumalize mlango ule kabla ya leo, nikakataa, wanisamehe. Asubuhi hii nimefumba macho, nikaupitishia kiganja taratibu kama alivyonifundisha, na chini ya kitasa bado kuna bonde, nimelisikia vizuri kabisa, na sina wa kumwambia.

Lala, mke wangu, upumzike, umefanya kazi.